Kipupwe na pikipiki: baridi inatenda nini na inasingiziwa nini

Kila mwaka upepo wa kusi unaposhika na kipupwe kuingia, baina ya Juni na Agosti, kwenye gereji za Chake Chake na Wete husikika malalamiko ya aina moja: honda haiwaki asubuhi, ikiwaka huzima mara inapotiwa gia, na ikishapata kwenda hukosa nguvu milimani. Kabla fundi hajashika spana, mwenye chombo huwa keshamtaja mkosaji, naye ni baridi. Mimi si fundi wa kazi. Ni mtu wa biashara niliyepanda pikipiki tangu ujanani, kwanza hapa Pemba, kisha kwa miaka kadhaa Makambako na Njombe nilikofuata duka, na sasa tena nyumbani. Kwa kuwa nimekitumia chombo hicho kwenye baridi ya kweli na pia kwenye baridi yetu hii ya kuvaa koti alfajiri tu, nimefikia rai moja ambayo ningependa kuieleza kwa kirefu: injini iliyo nzima haidhuriki na kipupwe cha visiwani, na aghalabu kinachoitwa athari ya baridi ni kasoro ya zamani ambayo joto la msimu wa kaskazi lilikuwa likiificha.

Kwanza tukubaliane kuhusu kiasi cha baridi tunachokizungumza. Unguja na Pemba, hata katikati ya Julai, joto la alfajiri ni nadra kushuka chini ya nyuzijoto 20, na mchana hupanda tena hadi kukaribia 28. Katika miezi ya kaskazi alfajiri hiyo hiyo huwa na nyuzijoto 25 au zaidi. Tofauti ni ya nyuzi chache, ambazo mwili wa mtu wa pwani huzihisi sana, hasa akiwa juu ya pikipiki na upepo unampiga kifuani, lakini chuma hakina mazowea ya pwani. Njombe, asubuhi za Juni na Julai huweza kuwa na nyuzijoto 5 au pungufu, na kwenye nyanda za Kitulo majani huamkia kuwa meupe kwa sakitu. Na bado madereva wa bodaboda wa huko huwasha vyombo vyao wakaenda kutafuta riziki. Kwa hiyo pikipiki inayogoma kuwaka kwenye nyuzijoto 22 pale Machomane, Chake Chake, isitafutiwe udhuru wa hali ya hewa.

Injini hupenda hewa ya baridi

Wengi hustaajabu wanapoambiwa kwamba injini ikishapata moto huifurahia hewa ya baridi kuliko ya joto. Hewa ikipoa hujikusanya na kuwa nzito. Kwenye usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa kavu yenye nyuzijoto 30 ina uzito wa takriban kilo 1.16, ikiwa na nyuzijoto 20 huwa kilo 1.20, na ikishuka hadi sifuri hufika kilo 1.29. Silinda ya pikipiki yenye sentimita za ujazo 150 huvuta ujazo ule ule kila mara, iwe kaskazi au kusi, kwa hiyo hewa inapokuwa nzito silinda huwa imevuta oksijeni nyingi zaidi, na oksijeni ndiyo inayoiunguza petroli na kuzaa nguvu. Ndiyo maana chombo kilichopata moto vizuri, kikiwa njiani kutoka Chake kwenda Wete jioni ya kipupwe, huwa chepesi mkononi kuliko mchana wa Februari.

Hesabu hiyo ina upande wa pili. Ili petroli iungue sawasawa, huhitaji hewa yenye uzito wa takriban mara 14.7 ya uzito wake. Pikipiki mpya zinazonyunyiza petroli kwa kuongozwa na kompyuta hupima joto la injini na la hewa, zikajirekebisha zenyewe. Kabureta haina akili hiyo, kwani hupitisha petroli kwenye tundu la jeti ambalo upana wake haubadiliki. Hewa inapozidi uzito, mchanganyiko hubaki na petroli pungufu kidogo. Baina ya nyuzijoto 30 na 20, hata hivyo, uzito wa hewa hutofautiana kwa asilimia 3 na kitu tu, kiasi ambacho kabureta safi hukihimili bila kuguswa. Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni wa kutofanya kitu: usimruhusu mtu akufungulie kabureta na kuzungusha skrubu zake kwa sababu tu kipupwe kimeingia. Skrubu iliyozungushwa Juni kwa ajili ya asubuhi moja ya baridi hubaki ilivyo hadi Januari, na hapo ndipo mwenye chombo anapoanza kulalamika kwamba honda inakula mafuta.

Kosa kubwa zaidi la kuisingizia baridi nimelikuta bara. Mtu anayepeleka pikipiki Njombe kutoka pwani hugundua mara moja kwamba haivuti, inatoa moshi mweusi na plagi inajaa masizi, na kila anayemuuliza humwambia kwamba ni baridi ya huku. Si baridi, ni mwinuko. Makambako na Njombe ziko kwenye kimo cha mita 1,700 hadi 2,000 hivi juu ya bahari, na kwenye mita 2,000 kanieneo ya hewa huwa imepungua kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na ya ufukweni. Hata asubuhi ya nyuzijoto 5, mita ya ujazo ya hewa ya huko huwa na uzito wa kilo 1 tu, ilhali hewa yetu ya nyuzijoto 30 hapa Pemba ina kilo 1.16. Yaani baridi inajaribu kuongeza nguvu, lakini mwinuko unachukua zaidi ya inachoongeza, na kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani inaendelea kumimina petroli ya pwani kwenye hewa nyepesi. Dawa ni kuweka jeti kuu iliyo ndogo zaidi, kwa namba itakayotajwa na fundi wa huko ambaye ameshazitengeneza nyingi za aina hiyo. Na anayerudi visiwani na chombo chake asisahau kurudisha jeti ya awali, kwa sababu jeti ndogo ikitumika usawa wa bahari huifanya injini kuungua kwa petroli haba, ikapata joto kupita kiasi, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya moshi mweusi.

Dakika za mwanzo

Mahali ambapo baridi ina neno la kweli ni kuanzia kiki ya kwanza mpaka chuma kupata joto. Petroli ya majimaji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake. Chuma kikiwa cha baridi, sehemu ya petroli inayotoka kwenye kabureta huganda kwa matone kwenye njia ya kuingilia na kwenye kuta za silinda badala ya kugeuka mvuke, na cheche ya plagi hukuta mchanganyiko usiotosha kuwaka. Kazi ya choki ni kufidia upungufu huo: huzidisha petroli ikilinganishwa na hewa, ili hata kama sehemu yake kubwa itabaki majimaji, mvuke wa kutosha upatikane.

Nikiwa Njombe nilifundishwa na bodaboda mmoja, kijana mpole aliyekuwa akilala jirani na duka langu, utaratibu ambao naufuata hadi leo, ijapokuwa hapa kwetu hauhitajiki kwa ukali ule. Kabla ya kufungua ufunguo, hupiga kiki mbili au tatu za polepole, ili injini izunguke na oili ianze kusogea. Kisha hufungua petroli, huvuta choki yote, hufungua ufunguo na kupiga kiki moja ya nguvu bila kugusa mkono wa mafuta. Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa na wengi: wanavuta choki huku wakikoroga mkono wa mafuta, na kwenye kabureta nyingi kufungua mafuta wakati huo hupunguza ule mvuto wa hewa unaoiwezesha choki kuleta petroli ya ziada. Injini ikishashika, choki hurudishwa kidogo kidogo. Katika alfajiri ya Pemba, nusu dakika hadi dakika moja hutosha. Njombe ni dakika mbili au tatu.

Choki iliyosahauliwa ina madhara yasiyoonekana haraka. Petroli iliyozidi huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, ringi zikasuguana na chuma kikavu, na nyengine huteremka hadi kwenye oili na kuipunguza uzito. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili na kukinusa, ukasikia harufu ya petroli, basi oili hiyo imeshaharibika hata kama muda wake haujafika. Vilevile, kagua kama choki yako inafanya kazi kikamilifu. Hewa yetu ya chumvi hushika kutu kwenye kishikio na waya wake, na mara nyingi kishikio husogea ilhali choki yenyewe imekwama nusu, ikawa haifunguki vizuri asubuhi wala haifungiki mchana. Kuna na wale waliokwisha kuing'oa kabisa, ambao kila asubuhi huziba mdomo wa kabureta kwa kiganja au kitambaa. Mbinu hiyo inawasha chombo, siikatai, lakini ili kiganja kifike hapo lazima chujio la hewa liondolewe, na vumbi la barabara ya shamba likawa na njia ya wazi hadi kwenye silinda.

Swali linalofuata ni la kupasha moto. Kuna desturi ya kuwasha pikipiki uani, kuiacha ikinguruma kwa dakika kumi na kuivutia mafuta kila baada ya muda, majirani wakiwa hawajamaliza nyiradi zao za baada ya sala. Ukiachilia mbali adabu, injini nayo haifaidiki. Ikiwa inanguruma bila kubeba kitu hupata joto polepole sana, muda wote huo ikila mchanganyiko wenye petroli nyingi. Njia iliyo bora ni kuiacha mpaka ishike silensa, yaani ingurume yenyewe bila kuvutiwa mafuta, kisha kuondoka kwa mwendo wa taratibu na gia zinazoifanya injini izunguke bila kulemewa, kwa kilomita mbili au tatu za mwanzo. Jambo hili lina uzito zaidi hapa Pemba kuliko Unguja, kwa sababu vilima vyetu huanza mlangoni, na miezi ya kipupwe ikikutana na uchumaji wa karafuu, mtu huwasha chombo, hupakia gunia na mchumaji nyuma, na kuanza kupanda kabla hata silinda haijawa vuguvugu.

Sababu ya kuonya hivyo ni kutanuka kwa metali. Pistoni hutengenezwa kwa aluminiamu, na silinda za injini nyingi za zamani ni za chuma cha kusubu, ambacho kwa kiwango kile kile cha joto hutanuka kwa karibu nusu tu ya aluminiamu. Pistoni ndiyo inayopokea moto wa kwanza. Ikivutiwa mafuta kwa nguvu mapema, hutanuka ikiwa ndani ya silinda ambayo bado haijatanuka, nafasi baina yao ikatoweka, na ikakamata. Wenye Vespa za zamani, ambazo bado zipo nyingi Unguja, wanapaswa kuwa na hadhari kuliko wengine, kwa kuwa injini zake zisizo na oili ya peke yake kwa ajili ya pistoni hutegemea oili iliyochanganywa na petroli. Kwa aina nyingi za Vespa za baadaye kiasi kinachotakiwa ni asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na tangi litikiswe kabla ya safari ya asubuhi ikiwa chombo kimelala siku kadhaa.

Kuhusu oili ya pikipiki za kawaida nitasema machache. Wapo wanaobadilisha aina ya oili kila kipupwe kwa kudhani kwamba 20W-50 ni nzito mno kwa baridi. Namba inayotangulia herufi W huhusu jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi kali: oili ya 20W hupimwa wepesi wake wa kuzungusha injini kwenye nyuzijoto 15 chini ya sifuri, ya 15W kwenye 20 chini ya sifuri, na ya 10W kwenye 25 chini ya sifuri. Labda anayetaka kupanda pikipiki hadi kilele cha Kilimanjaro ndiye wa kulifikiria hilo. Fuata namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha chombo chako. La muhimu zaidi ni kwamba oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2, kwa sababu klachi za pikipiki nyingi huogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya klachi iteleze. Ikiwa asubuhi chombo kinaruka mbele unapotia gia ya kwanza, ni sahani za klachi zilizonatana usiku kwa oili iliyopoa. Shika klachi, tia gia injini ikiwa imezimwa, usukume chombo hatua chache mpaka uhisi zimeachana, kisha uwashe.

Unyevu ndio adui wetu

Kama ningelazimika kuchagua jambo moja la kumtahadharisha mwenye pikipiki wa visiwani wakati wa kipupwe, ningechagua maji na si baridi. Watu wachache wanajua kwamba lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji, kwa kuwa haidrojeni iliyomo kwenye petroli huungana na oksijeni ya hewani. Injini ikiwa na moto wa kutosha, maji hayo hutoka yakiwa mvuke. Injini ikiwa ya baridi, sehemu yake hugeuka matone ndani ya bomba la moshi, na sehemu nyengine hupenya kando ya ringi hadi kwenye oili. Moshi mweupe mwepesi unaoonekana asubuhi na kupotea baada ya muda mfupi ni mvuke huo, na hauhitaji fundi.

Tatizo huja kwa safari fupi. Fikiria mwalimu anayetoka nyumbani kwenda skuli iliyo umbali wa kilomita mbili, akarudi mchana, jioni akaenda msikitini na dukani, na chombo kikazimwa kila mara kabla ya injini kupata joto la kuyafukuza maji. Baada ya wiki kadhaa za mtindo huo, ukifungua kifuniko cha oili utaona ndani yake utando wa rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ni oili iliyochanganyika na maji, na haiwezi kuzilinda beringi wala kamushafti. Nimeona utando huo Njombe, lakini nimeuona zaidi hapa, kwa sababu huko watu husafiri masafa marefu na hapa kisiwa chenyewe kifupi. Kinga yake haina gharama: angalau mara moja kwa wiki kiendeshe chombo kwa nusu saa mfululizo, tuseme kutoka Chake hadi Konde, ili oili ipate joto na maji yatoke, na anayetembea masafa mafupi tu abadilishe oili mapema kuliko kilomita zilizoandikwa kitabuni. Bomba la moshi nalo huoza kutokea ndani kwa maji hayo hayo, kabla chumvi ya nje haijalifikia.

Maji mengine yanaingia kwa njia ya petroli. Tangi linalolala likiwa nusu huwa na hewa yenye unyevu. Usiku bati la tangi linapopoa, unyevu huganda kwenye kuta zake na kuteremka. Juu ya hayo kuna petroli ya chupa inayouzwa vijijini, ambayo huenda imekaa barazani tangu mvua za masika. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini ya tangi na hatimaye chini ya bakuli la kabureta, karibu kabisa na jeti. Chombo kilicholala usiku kucha huruhusu maji hayo kutuama. Asubuhi kitu cha kwanza kinachovutwa na jeti ni tone la maji, na injini inakataa. Mchana, baada ya kutikisika njia nzima, huwaka bila shida, na mwenyewe akathibitisha moyoni kwamba baridi ndiyo iliyokuwa sababu. Chini ya bakuli la kabureta nyingi kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Kinga kwa chupa nyeupe, uifungue kidogo, uiache chupa itulie: yakiwemo maji, utayaona yamejitenga chini. Kwa maoni yangu hakuna kipimo kingine kinachotoa jibu kubwa kwa kazi ndogo namna hii, na ningependa kila mwenye gereji akifanye kabla ya kugusa kitu chochote.

Umande una madhara pia kwenye njia ya umeme wa plagi. Waya mzito unaotoka kwenye koili ukiwa na ufa, au kofia ya plagi ikiwa imelegea, unyevu huupa umeme njia ya mkato ya kwenda kwenye chuma badala ya kuruka ndani ya silinda. Wakati wa giza la alfajiri injini ikiwa inanguruma, uangalie waya huo bila kuugusa. Ukiona vimulimuli vya buluu vikicheza juu yake, umeshapata jibu. Plagi yenyewe isafishwe masizi na mwanya wake upimwe, ambao kwa pikipiki ndogo nyingi huwa kati ya milimita 0.6 na 0.8 kufuatana na kitabu.

Betri nayo hutuhumiwa sana Julai, na tuhuma hiyo ni nusu ya kweli. Betri ya risasi na asidi hupungukiwa na uwezo inapopoa. Kwenye sifuri hubaki na takriban sehemu nne kwa tano za uwezo iliokuwa nao kwenye nyuzijoto 25. Lakini kwenye alfajiri yetu ya nyuzijoto 22 upungufu huo ni mdogo mno kuzuia stata. Kinachoidhoofisha betri ni joto la kaskazi, ambalo huharakisha kuchakaa kwa sahani zake na kukausha maji yake, na kipupwe hufika kikaikuta imeshachoka. Ipime ikiwa imepumzika usiku mzima: volti 12.6 au zaidi ni salama, na ikiwa chini ya 12.4 inataka kuchajiwa kisha kupimwa tena baada ya siku moja. Kabla ya kununua mpya, safisha vichwa vya waya, kwani ile chumvi nyeupe na ya kijani inayoota hapo huzuia umeme vilevile kama betri mbovu, kisha upake grisi.

Nisiache kutaja valvu, ijapokuwa ni kazi ya fundi. Nafasi yake ikibana kupita kiasi, valvu haifungi sawasawa, mgandamizo hupungua, na dalili ya mwanzo ni ugumu wa kuwaka injini ikiwa ya baridi huku ikiwa ya moto haina tabu. Nafasi hiyo hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa hiyo chombo kilazwe gereji usiku au kipelekwe kwa kusukumwa. Fundi anayeipima mara tu ulipoteremka kutoka safarini anapima kitu chengine.

Ukiwa bado una shaka kama ni baridi, lipo jaribio lisilohitaji kifaa chochote. Siku moja usiiwashe pikipiki asubuhi. Iache kivulini mpaka baada ya sala ya Adhuhuri, wakati hewa imefika nyuzijoto 27 au 28 lakini injini bado haijawaka tangu jana, kisha iwashe kwa utaratibu ule ule unaoutumia alfajiri. Ikikataa kwa namna ile ile, baridi haimo, na kinachotafutwa ni maji, jeti iliyoziba, waya, valvu au betri. Ikiwaka kwa kiki ya kwanza, basi tazama choki kabla ya kitu kingine. Ukienda gereji baada ya hapo, usimwambie fundi kwamba honda inaogopa baridi. Mwambie inagoma saa ngapi, imelala muda gani bila kuwashwa, inazima ikiwa ya baridi au ikiwa ya moto, na ulipoifungua bakuli ulikuta nini kwenye chupa.